Shajara ya mradi: tope la banio linatoka wapi? Ramani ya mmomonyoko kwenye dakio dogo la Uporoto

Tunachotafuta

Chini ya milima ya Uporoto, kando ya barabara kuu ya TANZAM kati ya Uyole na Inyala, kuna skimu ndogo ya umwagiliaji inayochota maji kwenye kijito kimoja. Kila mvua zikiisha banio, yaani kizuizi kinachoingiza maji mferejini, linakuwa limejaa tope, na jumuiya ya watumia maji inaitisha msaragambo wa kuzoa. Wa bondeni wanawanyooshea kidole wenye viazi wa mlimani kwa kulima matuta ya kushuka. Wa mlimani wanajibu kwamba kijito kilikuwa na tope kabla wao hawajazaliwa. Fedha ya kuhifadhi mlima mzima hakuna, kwa hiyo swali ni hili: katika dakio hili, eneo lote linalomwaga maji yake kwenye kijito, la kilomita za mraba 12, udongo unang'oka wapi zaidi, na kazi ianzie wapi? (Maji yetu yanateremka Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu na kufika Mtera, hivyo tope hili halikosi wa kulilalamikia huko mbele pia.)

Tumechagua RUSLE, njia ya kukadiria mmomonyoko, kwa sababu haihitaji chochote cha kununua. Ni hesabu ya kuzidisha vitu vitano: R, nguvu ya mvua, K, wepesi wa udongo kumomonyoka, LS, urefu na ukali wa mteremko, C, kifuniko cha mimea, na P, hatua za hifadhi. Jibu ni tani kwa hekta kwa mwaka. Mzizi wake ni kazi ya Wischmeier na Smith wa Marekani, iliyotolewa 1965 na kurekebishwa 1978, kisha toleo la 1997 ndilo likapewa jina hili. Shamba lao la kupimia lilikuwa na urefu wa mita 22.13 na mteremko wa asilimia 9. Kumbuka namba hizo mbili. Kwetu shamba la asilimia 9 linaitwa tambarare.

Programu ya ramani ni QGIS, ya bure, kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 8. Tuko watatu: mimi wa ramani na wanajumuiya wawili wanaoijua kila njia ya ng'ombe. Hatua zilizomo kwenye kila somo la QGIS nazipita haraka.

5 Oktoba 2024: Mpaka wa dakio

Modeli ya mwinuko ya SRTM, pikseli za mita 30, imepakuliwa na kubadilishwa kuwa UTM kanda ya 36 Kusini (EPSG:32736), mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Usiruke hatua hii. Ukiacha data kwenye digrii, programu inadhani upana wa pikseli ni chini ya moja huku mwinuko ukiwa mita elfu mbili, na mlima wote unageuka ukuta wa nyuzi 89.

Kujaza mashimo, mwelekeo wa maji, mkusanyiko wa mtiririko, mpaka: kawaida. Kilichotuchelewesha ni ramani ya zamani ya 1:50,000 tuliyotaka kuitumia kuhakiki kijito. Tulipoiweka chini ya data yetu, kijito cha kwenye karatasi kilikuwa kinapita juu ya kilima. Ramani hizo zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na tofauti yake na WGS84, mfumo wa data yetu, katika nchi yetu ni karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Ipe karatasi EPSG:21036 kwanza, halafu acha QGIS ihamishe yenyewe. Baada ya hapo vijito viwili vililaliana.

19 Oktoba: Mteremko na urefu wake

LS ndiyo inayobeba sura ya ramani nzima kwenye milima, na imekataa mara mbili.

Kwanza miti. SRTM ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha Endeavour, Februari 2000, na rada ile haikufika chini penye msitu mnene. Kwenye ukingo wa kila shamba la mikaratusi modeli ikawa na ngazi ya mita kadhaa, na ngazi hiyo RUSLE inaisoma kama genge. Mstari mwekundu ukauzunguka kila msitu. Tulijaribu modeli ya Copernicus, ambayo ni ya miaka ya karibuni zaidi, 2011 hadi 2015, lakini nayo inapima vilele vya miti, tena na misitu iliyopandwa baada ya 2000. Iliyotufaa ni FABDEM, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Bristol kwa kuchukua Copernicus na kuondoa miti na majengo. Leseni yake hairuhusu biashara, kwa hiyo mwenye kazi ya kulipwa aisome kwanza. Ngazi hazikuisha zote, ila zilipungua kiasi cha kuvumilika.

Pili, mabondeni. Fomula tuliyoanza nayo ni ya Moore na Burch: eneo linalochangia maji kwa kila mita ya upana, gawa kwa 22.13, pandisha kwa kipeo cha 0.4, zidisha kwa sini ya mteremko gawa kwa 0.0896 yenye kipeo cha 1.3. Ukiiachia QGIS ihesabu bila kizuizi, tazama inachofanya. Karibu na banio, dakio lote la kilomita 12 linapita kwenye pikseli moja. Mteremko ni nyuzi 3, na LS inatoka 25. Juu mlimani, shamba la viazi la nyuzi 25 lenye mita 90 za mteremko juu yake linapata 13. Yaani bustani ya mboga iliyo tambarare kando ya kijito inamomonyoka mara mbili ya shamba ambalo ukidondosha kiazi unakifuata bondeni!

Dawa ni kuweka kikomo. Hesabu hii ni ya maji yanayotambaa juu ya shamba, na kwa kawaida yakishatembea mita mia na kitu hujikusanya kwenye mkondo, ambako RUSLE haina la kusema. Tumekata mchango kwenye pikseli 4, yaani mita 120. Pale bondeni LS ikashuka kutoka 25 hadi karibu 1, na shamba la juu likabaki na 13 yake. Mikondo yenyewe tumeifuta kabisa kwenye ramani.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tukate pikseli ya mita 30 vipande tisa vya mita 10 ili ramani ipendeze. Inapendeza kweli. Habari haiongezeki hata chembe.

9 Novemba: Udongo

Data ya SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia, pikseli za mita 250. Angalia vipimo: kaboni inakuja kwa desigramu kwa kilo, hivyo gawa kwa 100 kupata asilimia. Mfinyanzi na mchanga gawa kwa 10.

Ugumu uko kwenye udongo wenyewe. Huku kwetu ni majivu ya volkano, ya mlipuko mkubwa wa Rungwe wa karibu miaka 4,000 iliyopita na ya milipuko mingine ya kabla yake. Ni udongo mweusi, mwepesi, wenye mboji nyingi. Fomula ya K ya Wischmeier ina mabano ya "12 toa asilimia ya mboji", na mboji ni kaboni mara 1.724. Pikseli za juu kabisa zina kaboni ya asilimia 7, sawa na mboji 12.07. Kumi na mbili toa kumi na mbili nukta sifuri saba ni hasi, na ramani ikatuambia huko juu mvua inaongeza udongo.

Fomula ilitengenezwa kwa udongo usiozidi mboji ya asilimia 4. Kila kilichozidi tumekihesabu kama 4. K zote sasa ziko karibu na 0.02 kwa vipimo vya kimataifa, bila tofauti kubwa toka juu hadi chini, na hilo naliona ni jibu la kweli kuliko rangi nyingi zisizo na msingi. Ambacho SoilGrids haioni ni kwamba chini ya udongo mweusi, futi tatu nne hivi, kuna tabaka la pumisi, vile vijiwe vya volkano vyenye matundu vinavyoelea majini. Ukipita kwenye barabara yoyote iliyochongwa mlimani unaliona, mkanda wa kijivu kati ya udongo mweusi na udongo wa rangi ya kahawia.

23 Novemba: Nondo shambani

Nondo mbili za milimita 8, zimekatwa vipande vya nusu mita, vipande 24 kila nondo. Tumevipigilia kwenye mashamba ya wenye ridhaa na kuacha sentimita 10 juu. Udongo ukiondoka, kipande kinaonekana kurefuka. Tumesimika pia vipima mvua viwili, kimoja shuleni, kingine kwa mama anayelima pareto huko juu.

Njiani kuna korongo linaloanzia kwenye kona ya barabara ya mazao. RUSLE haihesabu makorongo, lakini kwa kuwa tulikuwa na futi kamba na kamba ya kuvuta tuliupima upana na kina kila baada ya mita 10, urefu wote mita 140. Mawe ya kupimia tumeyapaka rangi nyeupe.

14 Desemba: Mvua

Fupi. Data ya mvua ya CHIRPS ina pikseli za kilomita tano na nusu hivi. Dakio letu lote liliingia kwenye moja na kipande cha jirani yake, na mpaka wa pikseli ukaonekana katikati ya bonde kama ukuta. Tumetumia R moja kwa dakio zima. Sura ya ramani haibadiliki, kwa sababu namba moja ikizidisha kila kitu haimpandishi wala kumshusha mtu.

Ukubwa wa namba hiyo ndio wa mashaka. Uwiano wa mtafiti Roose, R ni nusu ya mvua ya mwaka, ulipatikana Afrika Magharibi, na mwenyewe alieleza kwamba milimani unakuwa mdogo zaidi. Kwa milimita 1,200 unatoa 600 kwa vipimo vya Kimarekani, mara 17.02 ni 10,212 kwa vya kimataifa. Ipo pia ramani ya dunia ya 2017 ya kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, JRC, iliyojengwa kwa vituo 3,625 vya nchi 63, ila Afrika ina vituo vichache humo. Tumeanza na 10,212 tuone itatufikisha wapi.

11 Januari 2025: Kifuniko, matuta, na tani 800

Picha za setilaiti za Sentinel-2, mita 10, ni nzuri mno Julai na Agosti. Mbeya ya Januari ni mawingu matupu. Kwa hiyo wengi hutumia picha ya kiangazi kupata kijani na kukigeuza C kwa fomula ya van der Knijff, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Tulifanya hivyo kwanza. Mashamba ya mahindi yaliyovunwa yakawa jangwa, bustani za bondeni zinazomwagiliwa zikawa msitu. Mvua inayoumiza ni ya Novemba na Desemba, udongo ukiwa umetifuliwa na mche haujafunika tuta. Picha ya Agosti haijui lolote kuhusu siku hizo.

Tulichobakiza: picha zote za 15 Novemba hadi 31 Desemba za miaka kadhaa, mawingu yamefutwa, zimechukuliwa wastani wa kati. Mashimo yaliyobaki tumeyajaza kwa wastani wa aina ya matumizi ya ardhi, na mipaka ya mashamba tumeichora kwa mkono, wanajumuiya wakinirekebisha. "Hapo siyo pareto bwana, walishang'oa mwaka juzi." Kazi hii ilikula muda kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyoboresha ramani kuliko nyingine zote.

P ilileta ubishi. Matuta ya viazi ya kushuka ni 1, hakuna hifadhi. Kila bwana shamba anasema yageuzwe yakingame. Lakini jedwali la Wischmeier na Smith la 1978 lenyewe linasema kulima kwa kukinga kunapunguza nusu ya mmomonyoko kwenye mteremko wa asilimia 3 hadi 8. Kwenye asilimia 21 hadi 25 kunapunguza sehemu ya kumi tu. Mashamba yetu mengi yamepita hapo. Mama wa pareto alitueleza bila jedwali: "Nikikingamisha, maji yanatuama viazi vinaoza. Tuta likipasuka moja, yanapasuka yote mpaka kwa jirani." Kwenye mteremko wa namna hiyo matuta ya kukinga yanahitaji makingamaji ya fanya juu au mistari ya majani ya Guatemala ya kuyashikilia. Wamatengo wa Mbinga walitatua kwa ngoro, mashimo yanayopokea maji kila moja kwa sehemu yake, lakini huo ni ustadi wa jamii nzima, huwezi kuuhamisha kwa semina ya siku moja.

Tukazidisha vyote. Shamba letu la nyuzi 25: 10,212 (R) mara 0.02 (K) mara 13 (LS) mara 0.3 (C), P ikiwa 1, ni karibu tani 800 kwa hekta kwa mwaka.

Ipime hiyo. Udongo wa majivu kama huu ni mwepesi, gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo au chini yake. Wetu tuliuchukua kwa kopo la ujazo unaojulikana na kuukausha kwenye oveni ya jirani anayeoka mikate, tukapata kama 0.85. Tani 800 ni zaidi ya sentimita 9 za udongo kila mwaka. Kwa mwendo huo mita nzima ingekuwa imekwenda ndani ya miaka kumi na moja, na mwenye shamba anasema baba yake alilima hapohapo, jembe halijafika kwenye pumisi.

Kwa hiyo tani tumezitupa. Ramani tunaibakiza kwa madaraja tu, kuanzia jekundu, baya kuliko yote, hadi la kijani. Mwenye kunakili mradi huu asiandike tani kwenye bango la kijiji kabla hajazigeuza kuwa sentimita na kumuuliza mwenye shamba.

8 Februari: Mvua ya alasiri na ndoo

Kipima mvua cha shuleni kimesoma milimita 41 kwa mvua moja. Tulikuwa mlimani na makoti ya mvua, tukitaka kuona ramani ikitembea.

Mashamba mekundu ya kwenye ramani yalifanya tulichotarajia. Kati ya tuta na tuta maji meusi yalikuwa yakishuka, na vijifereji vilianza kukatika kwenye theluthi ya chini ya shamba. Tukateremka nayo tuone yanaingiaje kijitoni, na hapo ramani ikapotea. Maji hayakuendelea moja kwa moja kama mishale ya QGIS inavyosema. Yalifika kwenye barabara ya mazao, ile inayopitisha Fuso za viazi na lumbesa zake, yakaingia kwenye mifereji ya matairi na kugeuka kushoto. Kila shamba lililofuata liliongeza lake. Kufika kwenye kona, barabara ilikuwa kijito chenye kelele, na rangi imebadilika: juu yalikuwa meusi, pale yalikuwa ya kijivu. Kwenye kona yaliruka ukingo na kudondokea ndani ya korongo lenye mawe yetu meupe. Ukuta wa korongo ni pumisi tupu. Ulikuwa ukimeguka vipande kwa vipande kama ugali wa jana, na vijiwe vikienda vinaelea.

Siku iliyofuata tulikuwa kwenye banio na mzee mwenyekiti wa jumuiya. Nilimweleza mashamba gani ni mekundu. Akachota tope kwa koleo, akalieneza kiganjani.

"Mwanangu, hili tope lina rangi ya shamba la nani?"

Lilikuwa la kijivu, la changarawe. Tukachukua ndoo. Ukitaka kulifanya jaribio hili, anika kwanza sampuli juu ya bati hadi ikauke kabisa, maana pumisi iliyonyonya maji inazama kama mchanga mwingine. Mimina kwenye ndoo ya maji, koroga mara moja, kisha kwangua kinachoelea na ukipime kwa kikombe. Katika sampuli za sehemu mbalimbali za banio, kama theluthi mbili ya ujazo ilielea. Udongo mweusi wa shambani tulioupima kwa namna hiyohiyo uliacha utando wa majani na chembe chache.

Udongo wa shamba haubaki banioni. Ni laini, unapita na maji ya tope hadi Usangu. Banio linakamata chembe kubwa, pamoja na pumisi iliyonyonya maji ikazama, na hizo zinachimbwa na barabara. Kwa hiyo wa bondeni wamekuwa wakigombana na watu wa viazi kwa ajili ya pumisi ya kona moja, wakati wa viazi wanapoteza udongo wao mzuri ambao wa bondeni hawauoni.

8 Machi: Barabara ndani ya modeli

Barabara imerekodiwa kwa GPS ya simu, imegeuzwa rasta (ramani ya pikseli), na tumeishusha modeli ya mwinuko mita 1 kwenye mstari wake ili maji yaifuate. Jaribio la kwanza maji yaliifuata hadi nje ya dakio, yakavuka kilima. Mita 1 ni nyingi kwenye sehemu ambazo barabara inapanda. Tukaikata vipande, tukashusha vile tu tulivyoviona vikibeba maji siku ya mvua, na kuacha tundu kwenye kona. Mkusanyiko mpya unaonyesha hekta 38 za mlima zinamwagia kwenye kipande kimoja kabla ya kona. Bila barabara, hekta hizo zinagawanyika kwenye vijito vidogo vinne.

Modeli hii ya barabara isitumike kukokotoa LS. Kwenye pikseli za mita 30 barabara inakuwa na upana wa karibu nusu ya uwanja wa mpira. Inafaa kujua maji yanakwenda wapi, basi.

24 Mei: Vipimo

Nondo za mashamba ya viazi hazina maana. Wakati wa palizi mwenye shamba anapandishia udongo kwenye tuta, na kipande kilichokuwa sentimita 10 kinabaki 4. Si mmomonyoko wala si mrundikano, ni jembe. Vingine vimeng'olewa, na anayenunua chuma chakavu hapo mjini hakatai nusu mita. Zilizobaki na faida ni za kwenye malisho na pareto, ambako tofauti ni milimita chache.

Kwa viazi tulihamia kupima vijifereji: upana, kina, urefu, kwenye kipande cha mita 20 kwa 30. Kimoja kwenye daraja jekundu kilitoa mita za ujazo 0.6, sawa na 10 kwa hekta, au tani 8.5. Kwenye daraja la kijani, hakuna kijifereji hata kimoja. Mpangilio wa madaraja umeshikilia kwenye vipande vyote isipokuwa viwili, na vyote viwili viko chini ya barabara, ambako maji ya juu yamezuiwa yasifike. Ramani inavidhania vinapokea maji ambayo havipati tena.

Korongo limeongezeka mita za ujazo 58 tangu Novemba. Msaragambo wa mwezi huu, katibu akihesabu toroli, ulitoa kama mita za ujazo 38 banioni. Hizi namba mbili zisilinganishwe kwa ukali, toroli ya mwanamume mwenye njaa si toroli iliyojaa, lakini korongo peke yake linatosha kujaza banio na kubakiza.

14 Juni: Kikao na gharama

Jumla ni shilingi 376,000. Bodaboda 160,000, chakula cha wasaidizi 90,000, vipima mvua 40,000, bando 30,000, nondo 28,000, futi kamba 15,000, mkaa wa oveni na mifuko ya sampuli 8,000, kukata nondo 5,000. Ningeanza upya nisingenunua nondo. Ningenunua kipima mvua cha tatu.

Kikaoni tulibandika ramani mbili, moja ya mashamba kwa madaraja, moja ya barabara. Iliyozungumzwa ni ya barabara. Imekubalika kuchepusha maji kwa mitaro ya pembeni sehemu tatu kabla ya kona, ili hekta 38 zisifike kwa pamoja. Mtaro wa kwanza utaishia kwenye mikaratusi ya kijiji, hauna mgogoro. Wa pili unaishia kwenye malisho na umepita kwa masharti ya kujengewa mawe mdomoni. Wa tatu unaishia juu ya shamba la mtu, na mtu huyo alisimama akauliza kwa nini maji yaliyokuwa ya watu wote yawe yake. Hakuna aliyemjibu vizuri. Nimepewa kazi ya kutafuta kwenye ramani sehemu nyingine ya kutolea ndani ya mita 100 juu au chini, na hadi sasa nina moja, yenye mwamba, ambayo itahitaji baruti au siku nyingi za nyundo.

Ramani ya mashamba imeachwa kwa kamati ya kilimo, pamoja na jedwali la P, ili mistari ya majani ya Guatemala ianzie kwenye daraja jekundu pekee. Ingizo linalofuata ni baada ya mvua za kwanza za Novemba, tukishapima tena korongo kwenye mawe yaleyale.